Uzi: Ushuru ulivyofika jikoni

Kila bei ya mafuta ikitangazwa, watu hapa wanarushiana lawama kana kwamba mambo yalianza jana. Wacha nirudi nyuma kidogo.

2016 serikali iliondoa VAT kwa gesi ya kupikia. Watu waache makaa na kuni, misitu ipumue. Sawa.

Februari 2018, ukataji miti kwenye misitu ya umma ukapigwa marufuku. Tuliambiwa ni siku 90. Marufuku ilikaa hadi 2023. Makaa yakapanda bei.

Septemba hiyo hiyo 2018, mafuta taa yakawekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ili wanaoyachanganya na dizeli wakome. Uchanganyaji ulikuwepo kweli, na uliua injini za watu. Lakini mama anayepima mafuta taa kidogo kidogo kwa chupa hakuchanganya chochote, na ndiye aliyelipa.

Basi ahamie gesi, si ndiyo? Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudi kwa gesi. Na Corona bado iko, jamani! 2022 ikashushwa hadi 8, 2023 ikaondolewa.

Mimi sipingi kulinda misitu. Nauliza tu, kufikia 2021 mtu wa chini alitakiwa apikie nini? Mtaani kwetu, mwenye mtungi alinung'unika akajaza. Asiye nao alirudia kuni.

Kwa hivyo mgombea akikuletea ahadi ya nishati safi, muulize gesi itakaa bila kodi miaka mingapi.