Historia ya Fulana Zetu Nyeusi



Tumefikisha miaka kumi. Wenzangu wa kamati wameandika habari za hisa, mikopo na sanduku letu la kufuli tatu. Mimi ni mtu wa darasa la saba, mahesabu nimewaachia wao. Nimeomba niandike historia ya lile jambo tulilolianza kama mchezo wa Jumamosi jioni, yaani kuchapa maandishi meupe kwenye fulana nyeusi. Jambo hilo nusura lituvunje, kwa hiyo afadhali liandikwe na aliyekuwepo.

Kwanza tujue lilikotoka. Weupe juu ya nguo ya giza si mgeni kwetu. Kanga ilianza Pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, akina mama walipounga leso vipande sita wakapata nguo moja pana. Wazee husema jina lilitokana na ndege kanga, kwa kuwa nguo za mwanzo zilikuwa na madoa meupe kama manyoya yake. Na batiki je? Unapaka nta pale unapotaka pabaki peupe, kisha unachovya nguo kwenye rangi. Lakini angalia hapo: weupe wa batiki hauongezwi, unaachwa. Kuuongeza juu ya nguo ambayo tayari ni nyeusi ni kazi nyingine kabisa.

Kazi hiyo ina wazee wake. Zamani Wajapani walikata michoro kwenye karatasi ngumu, wakashikilia vipande vyake kwa nyuzi nyembamba za hariri visidondoke. Mwaka 1907 Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, akapewa hati ya ugunduzi wa kuchapa kwa hariri iliyowambwa kwenye fremu. Pasipotakiwa rangi panazibwa, panapotakiwa inapita. Mwaka 1916 viwanda vya Norway na Marekani vilianza kutengeneza kwa wingi unga mweupe wa titani dioksaidi, ambao hadi leo ndio unaoifanya rangi nyeupe ifunike. Miaka ya 1960, Michael Vasilantone wa Marekani akatengeneza mashine ya kuzunguka ya kuchapa nguo kwa rangi kadhaa. Fulana zenye maneno zikaenea duniani, mpaka kwenye mitumba yetu.

Sasa ya kwetu. Mwaka wa tatu wa kikundi, mwenzetu mmoja fundi cherehani alikuja na fremu ya mbao iliyowambwa nailoni. Tukaanza kuchapa maua mekundu na ya bluu kwenye fulana nyeupe za watoto. Yakatoka vizuri, tukajiona mafundi. Ilipokaribia Machi 8, Siku ya Wanawake, nikasema safari hii tuvae nyeusi zenye jina la kikundi kwa rangi nyeupe. Nikachukua fedha za mfuko wa jamii, nikanunua fulana 24 na rangi, bila kukaa kikao. Wenye funguo waliniamini, wakafungua. Kosa ni langu, naliandika mwenyewe.

Jamani, ile nyeupe ilitoka kama majivu. Tukabonyeza kwa nguvu zaidi, ndo kwanza rangi ikavuja pembeni. Nyingine tukazirudia mkono wa pili, fremu ikasogea kidogo tu, kila herufi ikawa mbili. Tukazivaa hivyo hivyo. Kufua mara moja, jina la kikundi halisomeki. Kuchekwa mtaani si kitu. Kibaya ni kwamba wiki ile ile mwenzetu alifiwa, na mfuko ulikuwa mtupu. Tukapita nyumba kwa nyumba kuchangisha. Wanachama watatu wakajitoa. Kikao kikanitoza faini kwa mujibu wa katiba, na zile fedha nikazilipa kidogo kidogo kwa miezi minane, kwa kuuza maandazi.

Fulana hazikutupwa. Fundi wetu alizigeuza upande wa mgongo akawa anajifunzia, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka akaijua sababu. Rangi ya kawaida ni kama chai ya rangi, unaona mpaka chini ya kikombe. Kwenye nguo nyeupe inapendeza, kwenye nyeusi inamezwa. Nguo nyeusi inataka rangi nzito ya kufunika, kama uji. Uji huo haupiti kwenye nailoni ya matundu madogo. Nailoni ya nyuzi 77 kwa sentimita ni ya michoro midogo na rangi nyepesi. Kwa nyeupe nzito tunatumia ya nyuzi 43.

Tena nyeupe haiji kwa kubonyeza. Unavuta mkono wa kwanza, unauacha ukauke usinate kwenye kidole, ndipo unavuta wa pili. Ili fremu irudi palepale tuliipigilia bawaba kwenye ubao, na fulana tukaibandika kwenye ubao huo kwa gundi nyepesi isisogee. Mwisho, kwa rangi yetu ya maji, tunaweka kitambaa juu na kupiga pasi ya moto, kisha nguo haifuliwi mpaka zipite siku kadhaa.

Hadi leo ni mchezo wetu wa Jumamosi, si mradi. Una kibubu chake, na fedha za sanduku haziguswi kwa ajili yake. Tangu mwaka ule hakuna kinachonunuliwa bila kikao, hata mwenyekiti aombe vipi. Wawili kati ya wale watatu wamerudi. Wa tatu tunasalimiana, na mlango uko wazi.

Siku ya sherehe mtatuona na fulana nyeusi, maandishi meupe pee. Ile moja ya majivu tumeitundika ukutani karibu na sanduku. Mgeni akiuliza, mwambieni aje kwangu nimsimulie.



Mwenyekiti wa Kikundi