Kabla ya Hustler Fund, Mashosho Wetu Walikuwa na Mabati

Jumamosi moja niliitwa kuchukua video kwa mkutano hapa Ruiru, kwa holi la kanisa. Kulikuwa na watu wanazindua programu ya kusaidia familia zenye kipato kidogo zijitegemee. Msemaji akashika maiki akawaambia kina mama kwamba wakati umefika wajifunze kuweka akiba pamoja. Mama mmoja karibu na kamera yangu akacheka chini chini, akamwambia mwenzake: "Huyu hajui sisi tumelelewa na mabati."

Sikuelewa. Nilisoma historia chuoni semista mbili kabla karo inishinde, na sikuwahi kusikia somo la mabati. Jioni nikampigia shosho, anakaa Gatanga, juu ya Thika. Tuliongea mpaka kredo ikaisha. Halafu nikaenda kusoma. Hii ndiyo stori, wasee, na inatuhusu kuliko unavyofikiria.

Tuanze nyuma kidogo. Wakikuyu walikuwa na ngwatio. Wanawake wanalima shamba la mmoja leo, kesho wanaenda la mwingine, mpaka kila mtu afikiwe. Hakuna pesa inatembea. Unalipa kwa jasho na unalipwa kwa jasho.

Mwaka 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni ikahamisha watu takriban milioni moja wa huku kwetu, ikawafungia kwenye vijiji zaidi ya 800 vyenye handaki na miiba kuzunguka. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Waliobaki na watoto ni wanawake, na ndio walichimba hayo mahandaki kwa lazima.

Mwaka huohuo wa 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton. Waafrika wangeruhusiwa kupanda kahawa kwa wingi, na vipande vya ardhi vingekusanywa pamoja na kupewa hati. Sawa, lakini hati ziliandikwa karibu zote kwa majina ya wanaume. Mama alilima, jina la mzee likaenda kwa karatasi.

Na bado serikali hiyohiyo ilikuwa na programu ya kusaidia familia. Maendeleo ya Wanawake ilianza 1952 chini ya idara ya maendeleo ya jamii ya wakoloni. Ilifundisha kushona, kupika, usafi na kulea watoto. Sidharau kushona, mathee alinishonea yunifomu. Lakini ona picha yote: mkono mmoja unakuchimbisha handaki, mwingine unakufundisha kupika vizuri. Hakuna mtu aliuliza ardhi iko wapi.

Sasa mabati. Uhuru ukakaribia, na tarehe 1 Juni 1963 Kenyatta akaifanya Harambee kuwa wito wa nchi nzima. Tunajua harambee za shule na zahanati. Lakini kando ya hizo, miaka ya 60 na 70, wanawake wa mkoa wa Kati walichukua ngwatio ya zamani wakaiongezea pesa. Walikuwa wanaenda kama kikundi kuchuma kahawa au kupalilia shamba la mtu kwa malipo. Ujira haukugawanywa. Uliwekwa pamoja na mchango wa kila mwanachama, ukanunua mabati ya nyumba ya mmoja wao. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Watu wakaviita vikundi vya mabati.

Nilimuuliza shosho: kwa nini paa? Kwa nini si mbuzi, ama nguo? Akanicheka. Paa la nyasi linavuja, linaoza, na kila baada ya muda unalirudia. Paa la mabati unaweka mtaro na pipa, mvua inakuletea maji mlangoni. Kabla ya hapo alikuwa anateremka mtoni na mtungi mgongoni, tena na mtoto. Kwa hivyo mabati yalimrudishia masaa ya siku yake. Halafu akaniambia jambo la pili, taratibu: "Pesa mzee angeweza kuichukua aende nayo. Mabati yakishapigiliwa, atayabeba aende nayo wapi?"

Hapo nikanyamaza. Wanawake ambao hawakuwa na jina kwa hati walitafuta mali ambayo haiwezi kuliwa wala kunywewa.

Na hawakuishia kwa paa. Vikundi vingine vilinunua ng'ombe na mashamba. Huko Taita, kikundi cha wanawake cha Mraru kilichoka kuachwa na magari siku ya soko, wakachanga, na mwaka 1975 wakanunua basi lao. Mwaka wa 1975, kabla mtu yeyote hajaja na projekta kuwafundisha akiba.

Lakini sitaki kuwauzia stori tamu tu. Nilimuuliza shosho nani aliachwa nje. Alikawia kujibu. Akasema asiye na mchango hakuingia. Na asiye na shamba, hata ungempa mabati, angeyaweka wapi? Kulikuwa na familia jirani zisizo na ardhi. Waliteremka mjini Thika kutafuta vibarua.

Sasa tembea Kiandutu, pale Thika. Ukisimama mahali pameinuka unaona mabati tupu, paa hadi paa, ukuta pia ni mabati. Wengi wanaoishi chini yake hawana hati ya hapo walipo. Shosho alikuwa na ardhi akatafuta paa. Mtu wa Kiandutu ana paa, anatafuta ardhi. Ndiyo maana mradi ulioanzishwa 2011 na serikali pamoja na Benki ya Dunia kuboresha mitaa ya mabanda katika miji 15, Thika ikiwemo, uliweka suala la hati pamoja na barabara na maji. Hilo swali halikuulizwa 1952.

Na huku Ruiru? Kahawa ambayo mashosho walichuma kwa ujira inapotea. Tatu City imekaa juu ya ekari 5,000 zilizokuwa za kahawa. Tangu Thika Superhighway ifunguliwe 2012, fleti zinaota kila kona. Sisi tunapanga ndani ya hizo fleti.

Mathee ana chama tangu nikiwa mdogo. Hajawahi kukosa mchango, hata mwezi ambao tulikula sukuma siku zote. Zamu yake ilipofika mara ya mwisho, pesa ililipa kodi ya miezi miwili tuliyokuwa nyuma na karo yangu ya semista moja. Ikaisha. Semista iliyofuata nikarudi nyumbani. Yeye ana nidhamu ileile ya mama yake. Tofauti ni kwamba shosho alichanga kwa nyumba yake, mathee anachanga na pesa inaishia kwa landilodi.

Kwa hivyo mtu akiniambia familia zetu hazijui kujitegemea, nakataa. Hustler Fund ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ulianza na shilingi 500, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ulipe ndani ya siku 14. Riba ni nafuu kuliko zile programu za mkopo kwa simu zilizotukausha, hiyo naipongeza. Lakini siku 14 inatosha kununua nyanya na kuziuza. Haitoshi kupata kitu kitakachobaki.

Ndiyo maana siku hizi nikiitwa kurekodi uzinduzi wa programu yoyote, nina maswali mawili, na nayauliza kamera ikiwa on. Pesa ikiisha, ni nini kitabaki mikononi mwa hawa kina mama? Na yule asiye na hata mchango wa kwanza, mmemwekea mlango gani?

Paa la shosho bado liko. Lina kutu, limezibwa mahali pawili, na pipa bado linajaa mvua ikinyesha. Wewe pia mpigie wako leo. Muulize kikundi chake kilinunua nini, na nani aliachwa nje.