Kujitenga au Kuchangia: Funzo la Ranchi za Kajiado kwa Programu Huria

1. Suala

Mali ya wengi huzusha swali moja popote ilipo: mwenye haja yake mahsusi achukue fungu lake akalitengeneze peke yake, au abaki na wenziwe waitengeneze ile ya pamoja? Watungaji wa programu huria, yaani zile ambazo leseni yake humruhusu kila mtu kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa, wameulizana hivyo tangu kabla ya Linux kuanza mwaka 1991. Huko Kajiado swali liliulizwa juu ya ardhi. Makala haya yanazilinganisha historia hizo mbili kwa manufaa ya Kiswahili, lugha yenye wasemaji wengi na wafasiri wachache wa programu.

2. Kitengela

Sheria ya wawakilishi wa vikundi ya 1968 iliwawezesha Wamaasai wa Kajiado kupata hati za ranchi za pamoja, kila moja ikiwa na wawakilishi wasiopungua watatu wala kuzidi kumi. Wengi hawakuridhika. Vijana walihofia kukosa fungu, wawakilishi wakashukiwa upendeleo, na hati ya mtu binafsi ikaonekana kuwa kinga, tena rehani ya mkopo. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988.

Ardhi iligawanyika, mvua haikugawanyika nayo. Mfugaji aliyekuwa akiifuata mvua alijikuta ndani ya mipaka yake. Viwanja vikauzwa, nyua zikasimama, na njia za nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi kuelekea uwanda wa Kaputiei zikazibwa. Kwingineko Kajiado, jamaa zilizokwisha kugawana zilirudi kubadilishana malisho. Mwaka 2000 Kitengela ulianza mpango wa kumlipa mwenye shamba dola 4 za Marekani kwa eka kila mwaka ili asizungushe ua. Kwa waliokubali, hati ilibaki ya mtu, malisho yakabaki wazi.

3. Programu

Ardhi ikigawanywa hupungua. Programu ikinakiliwa haipungui. Kwa sababu hiyo kujitenga hudhaniwa hakuna gharama. Gharama ipo, kwani kinachogawanyika hapa si malisho bali ni wachungaji. Kasoro iliyokwisha kuondolewa katika shina haina budi kuondolewa tena katika tawi, na watu ni wale wale.

Ubuntu ilitolewa Oktoba 2004 kutokana na Debian, iliyoasisiwa mwaka 1993. Ilitaka ratiba yake, toleo jipya kila miezi sita, lakini iliendelea kuchota kwa Debian na kurudisha huko marekebisho. Ilikuwa na hati bila ya ua. Hata hivyo, pengine kujitenga ni lazima. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, watungaji wengi wa OpenOffice waliingiwa na shaka juu ya msimamizi mpya, na Septemba mwaka huo wakaanzisha LibreOffice.

4. Kiswahili

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Uliweza kwa kuwa mlango wa OpenOffice ulikuwa wazi.

Mfano ulio bora zaidi ni CLDR, hazina ya Unicode ya majina ya miezi, nchi na sarafu, ambayo simu na kompyuta nyingi huitegemea. Humo Kiswahili kina shina moja, sw. Tawi la Kenya, sw_KE, huandikwa pale tu linapotofautiana na shina, yaliyosalia hurithiwa. Kiswahili cha Kongo, kilichokuwa na msimbo wake, nacho kililetwa chini ya shina hilo. Anayesahihisha kosa katika shina akiwa Kitengela amewasahihishia pia watu wa Dodoma.

5. Hitimisho

Mkenya ana haki ya kuuliza shina ni la nani, kwa kuwa matumizi ya msingi humo ni ya Tanzania. Swali hilo lina umri: mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, wapenzi wa Kimvita walijiona wameachwa nje. Haki ya kujitenga ihifadhiwe, kwani ndiyo imzuiayo msimamizi kujifanya mwenye mali. Lakini anayejitenga kwa maneno machache yanayotofautiana hujitwika pia maelfu yanayofanana, na ua wake humzuia yeye kwanza.