SOMO LA REDIO: MKONO ULIOVUNJIKA NA BIASHARA YA VINYAGO

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: mchongaji, mnunuzi, mpingo. Leo tutazungumza habari za historia iliyo karibu sana na nyumbani.

Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma walichonga tangu zamani, kabla hajatokea mtu wa kununua. Walichonga vifuniko vya vyombo vya dawa na tumbaku, na vinyago vya mapiko vya kuchezea ngoma wakati wa jando na unyago. Mti wa mapiko ulikuwa mwepesi, kwa maana mchezaji hukivaa kinyago kichwani. Nani angeweza kucheza akibeba gogo la mpingo?

Baadaye wageni walianza kununua. Katika Msumbiji, Wareno waliagiza sanamu, nao walipenda mti mweusi, mzito, unaong'aa. Basi mpingo uliingia katika kazi kwa sababu ya soko. Wamakonde wengi wa Msumbiji walivuka Ruvuma kuja Tanganyika kutafuta kazi, hasa katika mashamba ya mkonge, na mafundi miongoni mwao walikuja na tezo na patasi zao. Walichonga watu wa kawaida: mama na mtungi kichwani, mzee na fimbo yake. Sanamu hizo huitwa binadamu.

Sasa sikilizeni vizuri. Mjini Dar es Salaam alikuwako mfanyabiashara wa vinyago, jina lake Mohamed Peera. Fundi mmoja, Samaki Likankoa, alikuwa akimletea kazi. Husimuliwa kwamba karibu na mwaka 1959 Samaki alikuwa akichonga sanamu ya binadamu, na mkono wake ukavunjika. Mwenye haraka angeitia kuni. Samaki hakuitupa. Aliyakumbuka mashetani wa porini katika hadithi za wazee, viumbe wasio na umbo la mtu kamili, akaendelea kuchonga mpaka kile kilema kikawa umbo jipya. Peera alikipokea, akataka vingine zaidi. Hivyo ndivyo mtindo wa shetani ulivyoanza, na wachongaji wengi wakaufuata.

Katika miaka hiyo hiyo fundi mwingine, Yakobo Sangwani, alianza kuchonga watu wengi waliopandana katika gogo moja. Mtindo huo uliitwa dimoongo. Baadaye, wakati wa siasa ya Ujamaa, watu wakauita ujamaa.

Je, faida ilikwenda kwa nani? Mimi naona wazo lilikuwa la Samaki, bali bila duka la Peera huenda lingebaki uani kwake. Walakini mwenye duka anaweza kungoja mnunuzi miezi mitatu, na mchongaji anataka unga leo jioni. Asiyeweza kungoja hupokea bei ya mwenziwe. Ndiyo sababu wachongaji walitafuta mahali pao pa kuuzia, kama kule Mwenge, Dar es Salaam, ambako mnunuzi humkuta fundi na tupa yake mkononi.

Mwaka 1972 ilianzishwa pia Nyumba ya Sanaa, hapo hapo Dar es Salaam. George Lilanga, Mmakonde wa huku kusini, alianza kazi huko akiwa mlinzi wa usiku. Alikuwa mchongaji, lakini aliyahamisha mashetani kutoka katika mti akayatia katika rangi, na mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Alifariki mwaka 2005.

Limebaki neno la tatu ubaoni. Mpingo hukua polepole mno. Huweza kupita miaka 70 kabla haujafaa kukatwa. Tena wachongaji hawautaki peke yao, maana Ulaya hutengenezwa zumari kwa mti huo huo. Baadhi ya vijiji vya Kilwa vilikwisha kujipatia misitu yao wenyewe, na mwaka 2009 vilipewa hati ya kuthibitisha kwamba vinaitunza na kuvuna kwa kiasi.

Zungumzeni darasani: hapa Chiungutwa, gogo la mpingo likikatwa leo, nani hupanga bei yake?