Salim wa Siberia na Speke wa Nyanza

Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller, alifika Urusi na Siberia. Aliyoyaona aliyasimulia kwa Kiswahili, yakachapwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichokusanywa na Carl Velten. Kwa msomaji wa pwani zile zilikuwa nchi ngeni kabisa. Hata hivyo Salim hakudai kuzigundua. Alikuta wenyeji, akaeleza alivyowakuta.

Miaka 38 kabla yake, tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alisimama karibu na Mwanza, akaliona ziwa Nyanza, walimovua samaki Wasukuma na Wakerewe, akalipa jina la malkia wake. Hadi leo mtoto wa Mbagala au Tandale, Dar es Salaam, hukaririshwa kwamba Speke ndiye aliyeligundua.

Nawaweka pamoja kwa sababu hali yao ilikuwa moja: kila mmoja aliona kwa macho yake jambo ambalo watu wa kwao hawakulijua. Kilichowatenga ni desturi ya usimulizi ya kila mmoja. Speke aliiandikia Royal Geographical Society ya London, ambako medali ilikuwa ya aliyetangulia. Wasafiri wa pwani wenzake Salim, kama Selemani bin Mwenye Chande na Mtoro bin Mwinyi Bakari katika kitabu hichohicho cha Velten, walitaja njia, watu na mila zao, maana mfanyabiashara asiyemjua mwenye nchi hapati pa kulala.

Tena Speke hakubahatisha. Ramani iliyochochea safari yake na Richard Burton ilichorwa na wamisionari Erhardt na Rebmann kutokana na habari za watu wa misafara. Walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, Sheikh Snay bin Amir aliwaeleza kuwa lile ziwa moja kubwa la kwenye ramani ni maziwa matatu, na moja liko kaskazini. Mkalimani wa Speke alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto na kupelekwa India. Speke alizungumza naye Kihindustani, naye akakigeuza kuwa Kiswahili. Bila watu hao wawili, Speke asingejua aelekee wapi.

Sisemi kwamba mapokeo yetu ni safi. Mfanyabiashara Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili na hakujiita mgunduzi, lakini pembe zake za ndovu zilipatikana kwa vita, na watu walitekwa. Anayesahau hilo anawadhulumu waliobebeshwa mizigo.

Wala simnyimi Speke haki yake. Alipima kimo cha ziwa kutoka usawa wa bahari, akashikilia kwamba Nile inatoka humo, na mwaka 1862 akafika Jinja, mto unapoanzia. Kuunganisha maji ya Usukuma na mto wa Misri katika ramani moja ni kazi kubwa, nayo ni yake, ingawa ilibidi msafiri Stanley alizunguke ziwa mwaka 1875 ndipo ubishi wa London juu ya chanzo cha Nile upungue. Sifa hiyo inamtosha.

Kunduchi, humohumo Dar es Salaam, makaburi ya kale yalipachikwa vyombo vya kaure kutoka China, ishara kwamba pwani ilishaunganika na nchi za mbali. Yalikuwapo kabla Burton na Speke hawajatia mguu Kaole mwaka 1857. Mwanafunzi anayeweza kwenda kuyaona kwa daladala anastahili zaidi ya jina moja na mwaka mmoja. Mtihani umuulize: Speke aliambiwa nini Kazeh, na nani, na kwa lugha zipi?