Magari ya Michezo katika Tamthilia za Televisheni

Magari ya michezo yaliyopata umaarufu katika televisheni ni yale yaliyopewa nafasi ya mhusika ndani ya tamthilia. Huandamana na shujaa kipindi baada ya kipindi, na mtazamaji huyakumbuka hata akiwa amesahau kisa chenyewe. Mengi ni ya tamthilia za Marekani za miaka ya 1970 na 1980, ingawa mojawapo ya yaliyotangulia lilitoka Uingereza.

Hilo ni gari la The Saint, tamthilia iliyoanza kurushwa mwaka 1962. Watayarishaji walimtakia Simon Templar, aliyeigizwa na Roger Moore, gari aina ya Jaguar E-Type. Jaguar haikukubali. Volvo ikatoa P1800 nyeupe, iliyofungwa namba ST 1, na kwa hiyo ikajipatia tangazo la miaka kadhaa.

Katika Magnum, P.I. (1980–1988), Ferrari 308 GTS nyekundu ilizunguka barabara za Hawaii. Kimo cha Tom Selleck, zaidi ya sentimita 190, kililazimu kiti cha dereva kurekebishwa ili kichwa chake kisizidi kioo cha mbele.

Gari la Knight Rider (1982–1986) lilikwenda mbali zaidi, kwani lilizungumza. KITT lilikuwa Pontiac Firebird Trans Am nyeusi ya mwaka 1982, iliyobuniwa upya pua na dashibodi na Michael Scheffe. Taa nyekundu iliyokuwa ikikimbia huku na huko mbele ya gari ilifanana na ile ya roboti za Battlestar Galactica, na si ajabu, maana tamthilia zote mbili zilitungwa na Glen A. Larson. Sauti ilikuwa ya William Daniels, ambaye jina lake halikutajwa kwenye orodha ya waigizaji. Gari lilipoonekana likijiendesha, kumbe dereva alikuwa ndani, amejificha kwenye kifuniko kilichoshonwa mfano wa kiti.

Ulaghai wa kamera ulifikia kilele katika Miami Vice (1984–1989). Ferrari Daytona nyeusi ya mpelelezi Sonny Crockett, aliyeigizwa na Don Johnson, haikuwa Ferrari hata kidogo: ilikuwa Chevrolet Corvette iliyovishwa bodi ya kuiga. Kadiri tamthilia ilivyopendwa, ndivyo kampuni ya Ferrari ilivyozidi kukereka kuona jina lake likitangazwa na gari la bandia, na mtengenezaji wa bodi hizo akashtakiwa. Suluhu iliwafaa wote. Ferrari ilitoa Testarossa mbili halisi, na mwanzoni mwa msimu wa tatu, mwaka 1986, ile Daytona ikalipuliwa kwa kombora mbele ya watazamaji. Testarossa hizo zilifika zikiwa nyeusi, zikapakwa rangi nyeupe ili zionekane vizuri katika picha za usiku. Hata hivyo bandia haikuisha: kwa michezo ya hatari ilitumika De Tomaso Pantera iliyogeuzwa ifanane na Testarossa.

General Lee la The Dukes of Hazzard (1979–1985) huhesabiwa katika kundi hili, ingawa Dodge Charger ya mwaka 1969 ni gari kubwa lenye injini yenye nguvu kuliko kuwa gari la michezo hasa. Milango yake ilisemekana kuchomelewa, hivyo mashujaa waliingilia dirishani. Kabla ya gari kurukishwa angani, buti lilijazwa uzito ili pua isitangulie chini, na gari lililotua kwa kawaida halikufaa tena. Inakadiriwa kwamba Charger zaidi ya 300 ziliharibiwa, na mwishoni, zilipokuwa adimu, baadhi ya miruko ikapigwa picha kwa vigari vidogo vya mfano. Paa lake lilichorwa bendera ya majimbo ya Kusini yaliyopigana kutetea utumwa, na mwaka 2015, baada ya mauaji ya waumini weusi kanisani Charleston, kituo cha TV Land kiliacha kurusha marudio ya tamthilia hiyo.