Maendelezo ya Kiingereza na Mtoto Asomeshwaye Nyumbani

Katika nchi ya Marekani wako wazazi wengi wasiowapeleka watoto wao shuleni, bali huwasomesha wenyewe nyumbani. Desturi hiyo ni ya kale, maana kabla ya shule za umma kuenea watoto wengi walifundishwa kusoma na mama zao. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 20 ilifufuka kwa nguvu mpya. Mwaka 1977 John Holt, aliyekuwa mwalimu, alianzisha gazeti la kuwasaidia wazazi wa namna hiyo, na ilipofika 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yameihalalisha. Mzazi huyo ndiye mwalimu, na aghalabu ndiye achaguaye vitabu. Miongoni mwa masomo yote, linalomsumbua sana ni maendelezo ya maneno, yaani tahajia, hasa anapokuwa na mtoto mwenye akili nzuri na maneno mengi kinywani, ambaye kila ashikapo kalamu hukosea. Vitabu vya kumfundishia ni vingi, na kila kimoja chadai kuwa ndicho dawa. Walakini vitabu hivyo havikuzuka jana. Kila kimoja kimejengwa juu ya itikadi fulani ya zamani kuhusu asili ya maendelezo, na aijuaye historia ya itikadi hizo hupata mizani ya kuvipimia.

Kwanza yafaa kuitazama asili ya taabu yenyewe. William Caxton alileta mtambo wa kupigia chapa Westminster mwaka 1476, wakati matamshi ya Kiingereza yalipokuwa yakibadilika. Matamshi yaliendelea na safari yake, lakini maandishi yakakaa palepale. Katika neno 'knight' herufi k na gh zilikuwa zikitamkwa zamani. Leo hazisikiki, ila zaandikwa. Tena wako wanavyuoni walioongeza herufi ambazo hazikutamkwa: 'debt' lilitoka katika Kifaransa bila ya b, nao wakaitia ili neno lionyeshe ukoo wake wa Kilatini. Kwa hiyo maendelezo ya Kiingereza yamebeba mizigo mitatu pamoja: sauti ya neno, historia yake, na undugu wa maana yake na maneno mengine.

Msomi wa Kiswahili aliyezoea maendelezo sanifu, yaliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu 1930, huenda akaiona hali hiyo kuwa ajabu ya kigeni. Lakini aliyepata kusoma tenzi katika hati ya Kiarabu anaijua taabu inayofanana nayo. Katika hati hiyo, kabla ya watu kubuni alama za nyongeza, irabu moja ilisomwa i au e, nyingine u au o. Na mara nyingi m au n iliyotangulia konsonanti haikuandikwa kabisa. Msomaji ilimbidi aijue lugha, na pengine autenzi wenyewe, ndipo apate kusoma. Tofauti ni kwamba katika hati ile mzigo ulimwangukia zaidi msomaji, na katika Kiingereza humwangukia zaidi mwandishi. Ndiyo sababu wako watoto wa Kiingereza wasomao kwa ufasaha na hata hivyo hawawezi kuendeleza.

Itikadi ya kwanza katika Marekani ni ya Noah Webster, aliyezaliwa Connecticut mwaka 1758. Kitabu chake cha maendelezo kilitolewa Hartford mwaka 1783, na kwa ajili ya jalada lake kikajulikana kwa rangi ya buluu. Kiliuzwa kwa mamilioni katika karne ya 19. Mtoto alianza na silabi, ba, be, bi, bo, bu, akapanda hadi maneno marefu, akiyataja kwa sauti herufi kwa herufi kabla ya kuyasoma. Mtu aliyesoma chuoni kwa hijai ataitambua njia hiyo mara moja. Webster alitaka pia kuyanyosha maendelezo yenyewe: 'color' na 'center' zilikubaliwa na Wamarekani, bali 'tung' na 'wimmen' zilikataliwa. Kwa itikadi hiyo maendelezo ni kazi ya ulimi na kumbukumbu, na mtoto ashindwaye hana kasoro nyingine ila hajarudia vya kutosha.

Uingereza, Charlotte Mason, aliyekufa mwaka 1923, alipendekeza njia iliyo kinyume cha kelele hizo. Kwake jicho ndilo mwalimu. Mtoto apewe kifungu cha kitabu kizuri, akitazame mpaka maneno yake magumu yakae machoni, kisha aandike kwa imla. Na neno lililokosewa lifunikwe upesi, lisije likajichora moyoni. Wazazi wengi wasomeshao nyumbani wanaifuata njia hiyo hata leo.

Shule zilichukua njia nyingine. Mwaka 1897 Joseph Mayer Rice, baada ya kuwapima maelfu ya watoto, alitangaza kwamba waliofundishwa maendelezo kwa muda mrefu kila siku hawakuwazidi waliofundishwa kwa dakika chache. Mwaka 1915 Leonard Ayres alitoa orodha ya maneno 1,000 yatumikayo sana, na mwaka 1926 Ernest Horn wa Chuo Kikuu cha Iowa akatoa orodha ya maneno 10,000. Kutokana na kazi za namna hii ilizuka desturi ya orodha ya juma: mtoto hupimwa kwanza, hujifunza yale aliyoyakosa tu, kisha hupimwa tena Ijumaa. Desturi hiyo haipotezi wakati, nayo humfaa mtoto wa kawaida. Lakini kwa mtoto dhaifu kila neno husimama peke yake. Hushinda mtihani wa Ijumaa, na juma la pili, akiandika barua, hulikosea neno lilelile.

Walioanza kumshughulikia mtoto huyo kwa makini walikuwa waganga. Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za mvulana wa miaka 14, Percy, ambaye hata jina lake mwenyewe aliliandika 'Precy'. Hakuwa mjinga wala mvivu. Mwalimu wake aliamini kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, angekuwa wa mbele shuleni. Hali hiyo siku hizi huitwa disleksia. Katika Marekani Samuel Orton aliiandikia makala mwaka 1925 na kitabu mwaka 1937. Akiwa pamoja naye Anna Gillingham, na Bessie Stillman, walitunga njia ya kufundisha sauti moja moja kwa taratibu, mtoto akiitazama herufi, akiisikia, akiitamka na kuichora kwa mkono kwa wakati mmoja. Romalda Spalding, aliyefunzwa na Orton, alitoa kitabu chake mwaka 1957, chenye alama 70 za sauti na kanuni za kuziunganisha. Itikadi yao ni kwamba yako mengi katika Kiingereza yenye kanuni, na kwamba mtoto dhaifu hatazigundua kanuni hizo mwenyewe. Hana budi kufundishwa waziwazi.

Je, kanuni hizo zipo kweli? Mwaka 1966 Paul Hanna na wenzake wa Stanford waliipa kompyuta kanuni za sauti na herufi, ikaendeleza maneno zaidi ya 17,000. Karibu nusu yalitoka sawasawa, na mengi ya yaliyobaki yalikosewa mahali pamoja tu. Mashabiki wa kanuni walifurahi kwa nusu ya kwanza, na wapinzani wao wakaishika nusu ya pili. Miaka miwili baadaye Noam Chomsky na Morris Halle walionyesha kwamba baadhi ya yaonekanayo kuwa makosa ya sauti ni uaminifu kwa maana: g ya 'sign' haisikiki, ila katika 'signal' yasikika, na maandishi huyaweka maneno hayo mawili pamoja kama ndugu.

Jambo lenye manufaa zaidi kwa mzazi liligunduliwa na Charles Read, aliyetoa utafiti wake mwaka 1971. Alichunguza maandishi ya watoto wadogo waliojibunia maendelezo yao kabla ya kufundishwa, akaona kwamba makosa yao yana utaratibu. Mathalani, watoto hao huiacha m au n itanguliayo konsonanti, kwa sababu sikio lao huisikia kama sehemu ya irabu. Hayo yamkumbusha msomi wa Kiswahili miswada ya hati ya Kiarabu, ambamo sauti hizohizo ziliachwa na waandishi hodari. Sababu za waandishi hao hazikuwa lazima zile za watoto, lakini inatosha kuonyesha kwamba kuiacha herufi si dalili ya upumbavu.

Basi mzazi asianze na kitabu, aanze na daftari la mtoto. Mtoto aandikaye 'jup' badala ya 'jump' hajaweza kuzitenga sauti. Huyu atafaidika na vitabu vya ukoo wa Orton, kama vile All About Spelling, ambacho hutumia vibao vya herufi. Aandikaye 'jumpt' badala ya 'jumped' sikio lake ni zima. Anachokosa ni kujua kwamba kiishio kile cha wakati uliopita huandikwa namna moja ijapokuwa hutamkwa namna tatu. Huyu afundishwe viishio na koo za maneno, kama kifanyavyo Sequential Spelling. Aandikaye 'sine' badala ya 'sign' aonyeshwe 'signal'. Na yule akoseaye maneno machache tu yasiyo na kanuni, kama 'said', aweza kutoshwa na imla ya Mason au orodha ya juma. Kumpa mtoto wa kwanza dawa ya huyu wa mwisho ni kumtaka akariri maelfu ya maneno, moja moja, bila ya kuona linalounganisha hili na lile.

Steve Graham na Tanya Santangelo, waliokusanya tafiti 53 na kutoa hesabu yake mwaka 2014, waliona kwamba mafundisho rasmi ya maendelezo huwazidishia watoto uwezo kuliko kuwaachia wajiokotee wenyewe katika kusoma. Hivyo dhana kwamba mtoto dhaifu ataamka tu siku moja haina msingi, sawa na ile ya zamani kwamba anahitaji kukaripiwa zaidi. Habari hizi zawahusu pia walimu wa Afrika ya Mashariki, ambao wanafunzi wao huingia katika Kiingereza wakiwa na maendelezo ya Kiswahili mkononi. Mtoto aandikaye 'tebo' badala ya 'table' ameandika alivyosikia, kwa kanuni ya lugha aliyoizoea, na mwalimu amsahihishaye yampasa aijue kwanza kanuni hiyo.